Paneli ya kuchezea ya watu wawili: usikate mbao kabla nyaya hazijatii

Swali: Fundi, naomba msaada. Natengeneza paneli ya kuchezea michezo ya zamani ya akedi (ile ya mashine za sarafu), ya watu wawili: kila mchezaji ana joistiki moja na vitufe sita. Nimenunua enkoda mbili za USB (vibao vinavyopeleka mibonyezo ya vitufe kwenye kompyuta), za bei ya chini na zinazofanana, na kwa sasa kila kitu kimeunganishwa juu ya meza, bila mbao. Matatizo ni manne. Kitufe kimoja kinafyatua risasi mfululizo chenyewe, nikikibonyeza ndipo kinanyamaza. Joistiki moja nikiisukuma juu, mhusika anashuka. Kwenye Pac-Man kona zinanipita. Na nikiwasha kompyuta upya, mchezaji wa kwanza mara nyingine anageuka kuwa wa pili. Je, nikate mbao tu, haya mengine niyanyooshe ndani ya MAME, ile emuleta (programu ya kuigiza mashine za zamani)?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Msumeno uweke chini kwanza. Ukiyanyoosha ndani ya MAME utafanikiwa siku hiyo, halafu ukifungua programu nyingine ya kuchezea utaanza upya, na baada ya muda hutajua tena kilichopinduliwa kilipinduliwa wapi. Kati ya matatizo yako manne, mawili ni ya waya, moja ni la plastiki, na moja tu ndilo la mipangilio. Kila moja litibiwe pale linapoanzia. Bahati yako ni kwamba kila kitu bado kiko mezani.

Tuanze na kitufe kinachofyatua chenyewe, maana hicho ni cha dakika moja. Kigeuze uangalie swichi iliyo chini yake. Swichi za aina hii zina miguu mitatu, na ubavuni pamechapwa COM, NO na NC. COM ni mguu wa pamoja. NO hauna mawasiliano na COM mpaka ubonyeze. NC ni kinyume chake: una mawasiliano muda wote, na yanakatika ukibonyeza. Waya wako mmoja umechomekwa kwenye NC, ndiyo maana enkoda inaona kitufe kimebonywa wakati hakuna aliyekigusa. Uhamishie kwenye NO. Usikisie kwa kutazama kitufe cha jirani, kwa sababu watengenezaji hawaipangi miguu hiyo kwa namna moja. Soma herufi, na kama zimefutika, tumia multimita kwenye mlio wa mwendelezo. Mita ikilia bila kubonyeza, huo ni NC. Vitufe vya mtindo wa Kijapani vina miguu miwili tu, kwa hiyo kosa hili haliwezekani kwavyo, na haijalishi upi umeenda ethi, yaani upande wa pamoja wa umeme.

Joistiki nayo ipindue, tumbo juu, halafu isukume taratibu ukitazama swichi zake nne. Utaona kijiti kinafanya kazi kama kasia: mkono ukienda mbele, ncha ya chini inarudi nyuma. Kwa hiyo ukisukuma juu, swichi inayobofywa ni ile iliyo karibu na wewe unayecheza, na ukivuta kulia inabofywa ya kushoto. Wajenzi wengi huunganisha waya wa "juu" kwenye swichi iliyo juu, na mhusika anashuka. Kabla hujachomoa chochote, jaribu pande zote nne, kwa sababu majibu yake yanakuambia kosa ni lipi. Kama juu na chini zimepinduka lakini kulia na kushoto ziko sawa, nyaya mbili zimebadilishana, zibadilishe. Kama pande zote nne zimepinduka, joistiki yenyewe imekaa kinyume, izungushe nusu duara. Kama ukisukuma juu inakwenda kulia au kushoto, na nyingine tatu zimefuata mzunguko huohuo, imezungushwa robo. Hayo mawili ya mwisho hayahitaji kugusa waya hata mmoja, ila yanahitaji ujue mapema plagi itatokea upande gani ili isije ikagongana na ukuta wa sanduku.

Sasa Pac-Man. Mchezo huo wa Namco wa mwaka 1980 uliundwa kwa joistiki ya pande nne: juu, chini, kulia, kushoto, basi. Donkey Kong ya mwaka 1981 ni hivyohivyo. Joistiki yako ni ya pande nane, maana yake ukiisukuma kwenye mshazari swichi mbili zinabofywa pamoja. Kwa mchezo wa kupigana hilo ndilo unalolitaka. Kwa Pac-Man ni balaa: unafika kwenye kona, mkono unapitia mshazari, mchezo unapokea amri mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi unaendelea na ile ya zamani mpaka kona imepita. MAME inajitahidi kuchagua mwelekeo mmoja kwa michezo ya pande nne, lakini programu haiwezi kuupa mkono wako ukuta wa kuegemea.

Dawa iko chini ya joistiki. Kuna bamba la plastiki lenye tundu, nami nitaliita geti, ambalo kazi yake ni kukizuia kijiti kisivuke mpaka. Geti la mraba lililokaa kawaida lina pembe zake kwenye mishazari, kwa hiyo mkono unaelekezwa hukohuko usikotaka. Ukilizungusha nyuzi 45, pembe zinahamia juu, chini, kulia na kushoto, na mishazari inazibwa. Kwenye joistiki ya Kijapani ya Sanwa JLF-TP-8YT geti linalokuja nayo limetengenezwa liweze kukaa namna zote mbili, na joistiki nyingi zilizoiga umbo hilo zina kitu cha jinsi hiyo. Usumbufu ni kwamba lazima ufungue paneli kila unapobadili aina ya mchezo. Ushauri wangu kwa paneli ya watu wawili: acha zote mbili kwenye pande nane, na kama michezo ya pande nne ndiyo mapenzi yako, weka joistiki ya tatu ya pande nne katikati, juu kidogo. Wapo wanaosema inaharibu sura ya paneli. Wanaocheza Pac-Man hawalalamiki.

Hilo la mchezaji wa kwanza kugeuka wa pili ndilo la mipangilio, na ndilo linalochosha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Enkoda zako mbili zinajitambulisha kwa kompyuta kama vidhibiti viwili vya michezo, na kwa kuwa ni za aina moja, zinajitambulisha kwa jina lilelile. Kompyuta ikiwaka, iliyotambuliwa mwanzo inapewa namba moja. Hakuna kilichoharibika, hakuna tu kinachozitofautisha. Njia ya kwanza ni kuziacha kwenye matundu yaleyale ya USB bila kuhamahama. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha, wakati mwingine halitoshi. Njia ya pili ni kuifungia MAME: ndani ya folda yake ya ctrlr unaandika faili dogo la .cfg lenye mistari ya mapdevice, kila mstari ukisema kifaa chenye utambulisho fulani ndicho JOYCODE_1, na kingine JOYCODE_2. Utambulisho huo unaupata kwa kuiendesha MAME na alama ya -v, ambayo huorodhesha vifaa ilivyoviona; chagua kipande cha maandishi kinachotofautiana kati ya enkoda hizo mbili. Kisha unaiambia MAME itumie faili hilo kwa kuandika -ctrlr na jina lake. Njia hii inafanya kazi vizuri, ila ni ya MAME tu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa paneli isiyohama: achana na enkoda zinazojifanya vidhibiti, tumia moja inayojifanya kibodi. I-PAC ya Ultimarc ni ya aina hiyo, na ubao wowote wenye chipu ya ATmega32U4, kama Arduino Leonardo, unaweza kuandikiwa programu ya kufanya hivyo. Herufi haina namba ya mchezaji. R ni R leo na kesho, hata uwashe kompyuta mara ngapi. MAME tayari inazo herufi zake za kuanzia: mchezaji wa kwanza anatumia mishale, Ctrl ya kushoto, Alt ya kushoto, nafasi, Shift ya kushoto, Z na X, wa pili anatumia R, F, D na G kwa pande nne, na A, S, Q, W kwa vitufe vyake vinne vya mwanzo. Sarafu ni 5 na 6, kuanza ni 1 na 2. Ukifuata hizo, unaweza kuchomeka paneli kwenye MAME mpya kabisa na ikacheza bila kuguswa.

Lakini kibodi ina mitego miwili. Ripoti ya msingi ya kibodi ya USB inabeba vitufe sita vya kawaida kwa wakati mmoja, pamoja na vile vinane vya Ctrl, Shift, Alt na wenzao vinavyohesabiwa pembeni. Fikiria wachezaji wawili, kila mmoja kwenye mshazari akibonyeza vitufe viwili au vitatu: mmoja wao ataanza kulalamika kwamba pigo lake halikutoka, na atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo hakikisha enkoda au programu unayoandika inavuka kikomo hicho. Mtego wa pili ni wa Windows: Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo linatokea dirisha la kukuuliza kama unataka vitufe vya kunata, katikati ya pambano. Kipengele hicho kizime kwenye mipangilio ya urahisi wa matumizi kabla ya mchezo wa kwanza.

Kama lengo lako ni michezo mipya ya kupigana zaidi kuliko ya zamani, basi geuza ushauri huo. Michezo hiyo kwenye kompyuta inatarajia kidhibiti, si kibodi, na hapo ubao wa Raspberry Pi Pico wenye programu dhibiti ya GP2040-CE, mmoja kwa kila mchezaji, utakufaa. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL ukichomeka USB, Pico inaonekana kama diski, unaburuta faili la .uf2 ndani yake, imekwisha. Mipangilio yake inafunguka kwenye kivinjari, anwani 192.168.7.1, ukichomeka huku umeshikilia kitufe ulichokipa kazi ya S2 (yaani cha kuanza). Ni ubao wa bei nafuu, na unauona ukifanya kazi za vibao ghali kuliko wenyewe.

Ukishachagua ubao, shika kanuni moja: ugawaji wa vitufe ufanyike katika ngazi moja tu. Ngazi ni nyingi: enkoda yenyewe, programu za kubadili vitufe ndani ya kompyuta, programu ya menyu ya kuchagulia michezo, halafu emuleta. RetroArch, programu inayokusanya emuleta nyingi, peke yake ina mipangilio ya jumla na mingine ya kila mashine inayoigizwa. Mtu akigeuza vitufe kwenye enkoda, akavigeuza tena kwenye emuleta ili vikae sawa, atakuwa amejenga kitu kinachofanya kazi kwa bahati. Anza chini kwenda juu. Kwanza mita: kila kitufe kinapitisha na kukata? Pili mfumo wa kompyuta: kwenye Windows andika joy.cpl, kwenye Linux tumia jstest au evtest, uone kila kitufe kinawasha namba moja na hakigusi nyingine. Hapo ndipo ufungue MAME, ubonyeze Tab, na ugawe vitufe kwenye ukurasa wa jumla, si wa mchezo mmoja. Mgawo wa jumla unahifadhiwa kwenye default.cfg ndani ya folda ya cfg, na ule wa mchezo mmoja kwenye faili lenye jina la mchezo huo. Mchezo mmoja ukikataa kutii wakati mingine yote inatii, karibu kila mara kuna faili la zamani la mchezo huo ulilolisahau. Lifute.

Sasa mbao. Kata boksi la karatasi ngumu kwanza, chora, toboa, chomeka vitufe, weka mapajani, ucheze mchezo mzima. Kiolezo ukikichapa kutoka kwenye kompyuta, pima kwa rula mstari unaoujua urefu kabla ya kukiamini, kwa sababu printa hupenda kupunguza picha ili iingie kwenye ukurasa. Kwa vitufe vya mm 30, umbali wa karibu mm 36 kutoka kitovu hadi kitovu unaacha nafasi ya kutosha bila kuinyoosha mikono. Safu usizinyooshe kwa rula. Weka mkono umelegea juu ya karatasi, tia alama pale ncha za vidole zinapotua. Utaona kidole cha kati kinataka kitufe chake kiwe juu kidogo ya jirani zake. Kati ya joistiki ya mchezaji wa kwanza na ya wa pili acha sentimita 60 au zaidi, la sivyo viwiko vitapigana kabla ya wahusika kupigana.

Vitufe sita ni mpangilio ulioenezwa na mchezo wa kupigana wa Street Fighter II mwaka 1991: ngumi tatu juu, mateke matatu chini, kutoka hafifu hadi kali. Unafaa karibu kila kitu. Vitufe vya kuanza na vya sarafu viweke mbali na kifundo cha mkono, ikiwezekana kwenye uso wa mbele wa sanduku. Na cha kutoka kwenye mchezo usikipe tundu lake kabisa. Kifanye kuwa muunganiko wa vitufe viwili vya kuanza vikishikiliwa pamoja. Mtoto mmoja mwenye udadisi anatosha kukuonyesha sababu.

Aina ya kitufe ndiyo inayoamua unene wa mbao, si kinyume chake. Vya Kimarekani vyenye nati ndefu vinakaa vizuri kwenye ubao wa mm 18 na tundu la karibu mm 28.5. Vya Kijapani vya kubana, kama Sanwa OBSF-30, vinataka tundu la mm 30 na bamba jembamba la milimita chache tu. Ukitaka kuvitumia kwenye ubao mnene, uchimbwe kwa nyuma, au ununue vile vya nati vya OBSN-30. Joistiki ya Kijapani nayo ina kijiti kifupi: ukiifunga chini ya mm 18 bila kuchimba, kifundo cha kijiti kitabaki karibu kimezama. Kwa tundu la kijiti mm 24 zinatosha, na kisahani cha vumbi kinafunika.

Plaiwudi naipenda kuliko MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) kwa kitu kitakachoegemewa na kumwagikiwa vinywaji. MDF inatoboka safi na rangi inakaa vizuri, lakini ikinywa maji inavimba na hairudi, na vumbi lake ni jembamba mno: vaa barakoa. Kwa namna yoyote, bana kipande cha mbao chakavu chini ya kile unachotoboa, la sivyo biti ikipenya itapasua upande wa pili. Ukitaka kufunika picha kwa kioo cha plastiki, chagua polikaboneti. Akriliki inang'aa zaidi lakini hupasuka kuanzia kwenye tundu, na hupasuka mwishoni, ukishamaliza matundu mengine yote.

Nyaya hazina mengi. Enkoda za bei ya chini huja na waya wa jozi kwa kila kitufe, kwa hiyo chomeka tu. Ukihamia I-PAC au Pico, kila kitufe kitakuwa na waya wake mmoja kwenda kwenye pini, na mguu wa pili wa vitufe vyote utashikwa na waya mmoja wa ethi unaoruka kutoka kitufe hadi kitufe. Uzuri wa mnyororo huo ni kwamba unajieleza ukiharibika: vitufe vitatu vya mwisho vikifa pamoja, tatizo liko kati ya cha mwisho kinachofanya kazi na cha kwanza kilichokufa. Ukiurudisha mwisho wa mnyororo kwenye ubao, ukawa mduara, mkatiko mmoja hautaua kitu. Tumia vibanio vya kuchomeka badala ya kulehemu, ili swichi ibadilishwe bila chuma cha moto. Vya mm 2.8 huenda na vitufe vya Kijapani, vya mm 4.8 na swichi nyingi za Kimarekani. Pima mguu wa swichi kabla ya kununua. Vitufe vyako vikiwa na taa, angalia kama ni za volti 5 au 12, na za 12 zipe chanzo chao cha umeme. Waya wa volti 12 ukiigusa pini ya enkoda, enkoda imekwenda.

Utasikia pia habari za ucheleweshaji, na majina ya enkoda zinazodaiwa hazina ucheleweshaji kabisa. Hesabu ni hii: mchezo wa fremu 60 kwa sekunde unakupa fremu moja kila milisekunde 16.7. Enkoda inayoulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde inaweza kukusubirisha hadi milisekunde 8. Inayoulizwa mara 1000, milisekunde 1. Tofauti ipo, lakini televisheni iliyoachwa na vichujio vyake vya picha inaweza kula zaidi ya hapo peke yake. Washa hali ya mchezo kwenye televisheni kabla ya kununua ubao mwingine. Na kama pigo moja linahesabiwa mawili, hiyo si kasi ndogo: ni chuma cha swichi kinachodunda kinapogusana. Ongeza kichujio cha midundo kwenye programu dhibiti mpaka milisekunde 5 hivi. Tatizo likiendelea, badilisha swichi.

Kwa hiyo kesho hamisha ule waya wa NC na unyooshe joistiki. Halafu amua kati ya kibodi na kidhibiti, kwa sababu ndicho kitakachokuambia ununue ubao gani na uache nafasi kiasi gani ndani ya sanduku. Sehemu ya nyuma ifunge kwa bawaba, si kwa skurubu. Utaifungua mara nyingi kuliko unavyodhani. Na waya wa USB ufunge kwa kibanio ukutani kabla haujatoka nje, ili akijikwaa nao mtu, kivutwe kibanio na si tundu la enkoda.